MGUU HUANZA KUOKOLEWA SHIMONI

Ndugu mfanyakazi,

Safari hii sitakuambia habari za malaria wala za kuchemsha maji ya kunywa. Nataka tuzungumze juu ya mguu wako, huo uliouvika buti asubuhi ya leo. Nina neno moja tu, nami nitalirudia mpaka mwisho wa ukurasa: mguu uliovunjika na kupasuka hadi mfupa ukaonekana, siku hizi mara nyingi unaweza kuokolewa. Lakini kazi ya kuuokoa haianzi kwa daktari mkubwa wa mjini. Inaanza shimoni, kwa mikono ya wenzako, halafu inapita kwetu sisi wa dispensere. Kama wenzako na mimi tukikosea, daktari hatakuwa na njia nyingine ila kukata.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuhesabu makosa ya wengine na kuficha yangu.

Miaka michache iliyopita, kwenye machimbo nilikofanya kazi zamani, kijana mmoja wa kikosi cha usiku aliangukiwa na jiwe. Mfupa wa muundi ulivunjika, na ngozi ya mbele ikapasuka upana wa kiganja. Wenzake walimbeba kwa tipoi mwendo wa saa nne, kwa matope, kwa mvua. Walikuwa wamempaka unga wa betri ya tochi na tumbako iliyotafunwa, tena wamefunga kamba chini ya goti. Walifanya hayo kwa upendo. Mimi nilikiosha kidonda juu juu, nikavuta ngozi kwa nguvu, nikashona. Nilijisifu moyoni kwa mishono yangu, ilivyonyooka kama mstari wa daftari. Siku ya nne ngozi ilikuwa nyeusi. Siku ya tisa ilikuwa imeoza, na mfupa umetokeza, mkavu na mweupe. Niliendelea kubadilisha kompresi kila asubuhi nikisubiri nyama iote juu ya mfupa. Nilisubiri wiki tano. Alipofika mjini, usaha ulikuwa umeingia ndani ya mfupa wenyewe. Daktari alikata chini ya goti.

Daktari yule aliniandikia barua. Hakunitukana. Alinieleza tu kwamba kama ningemtuma kijana siku zile za kwanza, bila kumshona, angeweza kuufunika mfupa kwa nyama ya mguu wake mwenyewe. Nilisoma barua ile mara nyingi. Shuleni nilifundishwa kufunga, kushona na kuchoma sindano. Habari ya kufunika mfupa kwa nyama hai sikuwa nimeisikia. Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na hayo niliyojifunza ndiyo ninayokuletea.

NGOZI YA KUPANDIKIZA NA KIRAKA HAI

Wengi wetu tumeona mtu aliyeungua moto akapandikizwa ngozi. Daktari huchuna ngozi nyembamba pajani, akailaza juu ya kidonda. Ngozi hiyo haina mshipa wake. Inaishi kwa kunyonya damu ya nyama iliyo chini yake. Kama chini pana nyama nyekundu, itashika. Lakini ukiilaza juu ya mfupa mtupu, au juu ya mshipi wa misuli uliochunika, itakufa, sawa na mche uliopandwa juu ya jiwe.

Kwa kidonda cha namna hiyo kuna kazi nyingine. Mimi nitaiita kiraka hai. Ni kipande cha ngozi, au cha nyama, au vyote pamoja, kinachohamishwa kikiwa na mishipa yake ya damu. Wewe mchimbaji utaelewa upesi. Unapoosha kasiterite, maji huyaleti kwa ndoo, huyavuta kwa mfereji au kwa mpira. Sehemu ya kuoshea ukiihamisha huku mpira umeshikana na chanzo chake, maji yanaendelea kufika. Kiraka hai ni hivyo hivyo. Daktari huifungua nyama pale ilipo, akaigeuza juu ya kidonda, lakini mshipa unaoilisha haukatwi.

Katika mguu wa chini kuna mpango ambao kila daktari mpasuaji wa mifupa anaujua. Gawa muundi mara tatu. Jeraha likiwa juu, karibu na goti, huchukuliwa nyama ya shavu la mguu, ile kubwa ya nyuma, ikaletwa mbele. Likiwa katikati, huchukuliwa nyama nyingine iliyolala chini ya ile ya kwanza. Likiwa chini, karibu na kifundo, hapo ndipo penye shida, maana nyama ni chache, ngozi na mfupa vinakaribia kugusana. Hapo mara nyingine daktari hugeuza ngozi ya nyuma ya mguu kutoka juu kuja chini. Mara nyingine haitoshi, na hapo ndipo inapohitajika darubini.

KAZI YA DARUBINI

Kama hakuna nyama ya kutosha karibu, daktari huchukua nyama ya mbali: mgongoni, pajani au kwenye kinena. Huikata kabisa pamoja na mshipa wake unaoleta damu na ule unaoirudisha. Kisha huileta mguuni, akaunganisha mishipa hiyo na mishipa ya mguu. Ni kama kukata mpira wa maji kwenye bomba moja na kuuunga kwenye bomba jingine. Tofauti ni kwamba mpira huu una upana wa milimita 1 mpaka 3, na uzi wa kuushona ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Kwa macho matupu huwezi. Ndiyo maana daktari hukaa mbele ya darubini, mara nyingine saa 6, 8, hata 10.

Usifikiri ni uchawi, wala si jambo la jana. Tangu zamani sana huko India waganga waliwatengenezea pua watu waliokatwa pua, kwa kugeuza ngozi ya paji la uso. Katika vita ya 1914 hadi 1918 daktari Harold Gillies huko Uingereza aliwarudishia nyuso askari waliopasuliwa na risasi na mabomu. Mfaransa Alexis Carrel alionyesha mwaka 1902 jinsi ya kushona mshipa wa damu mwisho kwa mwisho, na mwaka 1912 akapewa zawadi ya Nobel. Mwaka 1960 Julius Jacobson huko Marekani alianza kushona mishipa midogo chini ya darubini. Mwaka 1965 madaktari wa Japani walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa. Na mwaka 1973, katika mji wa Melbourne, Australia, Rollin Daniel na Ian Taylor walichukua kipande cha ngozi ya kinena, wakakiunganisha kwenye mguu wa mtu, kikaishi.

Jambo linalotuhusu zaidi lilitoka Ljubljana, mji wa Slovenia. Daktari Marko Godina aliwapanga wagonjwa wake 532 waliokuwa na majeraha makubwa ya mikono na miguu, wote waliofunikwa kwa kazi ya darubini, na matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kwa wale waliofunikwa kabla ya saa 72 kupita, viraka vilivyokufa havikufika hata kimoja katika 100. Kwa wale waliofunikwa baadaye, kati ya siku 3 na miezi 3, vilikufa 12 katika 100. Walioingiwa na vijidudu hawakufika 2 katika 100 kwa kundi la kwanza, na walizidi 17 katika 100 kwa kundi la pili. Madaktari wa leo husema kwamba kidonda kilichosafishwa vizuri sana kinaweza kungoja siku chache zaidi, hata wiki. Wiki tano, kama nilivyofanya mimi, hapana.

WENGINE HUSEMA

Najua utakavyojibu, maana nimesikia maneno haya mara nyingi kwenye benchi la dispensere.

Wengine husema: hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu hayapo. Si kweli. Huko Uganda, Kisubi, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, hospitali ya CoRSU ilianza kazi mwaka 2009, na madaktari wake hufanya upasuaji huu wa darubini. Ni Waafrika wenzetu, walijifunza, wakafundishana. Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, Goma kuna hospitali ya HEAL Africa iliyojulikana kwa kazi ya mifupa, na kuna hospitali ya CBCA Ndosho, ambako tangu mwaka 2012 timu ya upasuaji ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imewatengeneza watu wengi waliopigwa risasi. Hospitali za Masisi na za Walikale pia zimepata msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka kwa miaka mingi. Hatuko gizani kabisa.

Wengine husema: basi kampuni inunue darubini. Hapa mimi nina mawazo tofauti, na najua baadhi ya wakubwa wangu hawatapenda. Darubini peke yake ni kama mashine ya kusaga mawe isiyo na mafuta. Baada ya upasuaji, mtu lazima akitazame kiraka kila saa, usiku na mchana, siku za kwanza. Kikiwa cheupe na baridi, damu haiingii. Kikiwa cha rangi ya zambarau iliyokolea, damu haitoki. Kwa yote mawili mgonjwa hurudishwa kwenye meza ya upasuaji ndani ya saa chache, la sivyo kiraka kinakufa. Panatakiwa umeme usiozimika, damu ya akiba, chumba chenye joto, na muuguzi asiyelala. Ninasema tuanze na viraka visivyohitaji darubini, vile vya nyama ya shavu la mguu. Vinahitaji daktari aliyefundishwa, kisu kizuri na saa 2 au 3. Kwa mkono uliochunika, daktari anaweza kuushona kwenye kinena cha mgonjwa kwa muda wa wiki 3 hivi, mpaka ngozi ya kinena ishike mkononi, ndipo anakata. Ni taabu kulala hivyo, lakini mkono unabaki. Majeraha mengi yangepona kwa njia hizi. Yale machache yaliyobaki, tuyatume mbali, na tuyatume mapema.

Wengine husema: kukata ni rahisi, kunamalizika upesi. Ndiyo, kuna siku ambapo kukata ndiko kuokoa. Mguu uliopondeka ukakosa damu kwa saa nyingi, mguu uliooza unaotoa harufu na mapovu ya hewa chini ya ngozi, huo usipokatwa utamchukua mwenyewe. Uhai kwanza, mguu baadaye. Jamaa wasimkatalie daktari siku hiyo. Lakini kukata hakumaliziki siku ya kukata. Mguu wa bandia huchakaa, hutakiwa mwingine baada ya miaka michache, tena kwa milima ya Masisi na matope ya Walikale huo si mguu wa kushuka nao shimoni. Mtu aliyekatwa mguu ni mtu kamili, na kazi anaweza. Ila asikatwe kwa sababu ya uvivu wetu.

Na wengine husema: barabara ni mbaya na kuna vita. Hapo sina ubishi. Mnajua jinsi njia ya Walikale kupitia Masisi na Sake mpaka Goma inavyokuwa wakati wa mvua. Mnajua mwaka 2024 Rubaya ilivyoshikwa na M23, na Januari 2025 Goma nayo, uwanja wa ndege ukafungwa. Machi 2025 vita ilifika Walikale penyewe, na mgodi wa bati wa Bisie ukasimamisha kazi mpaka mwezi wa Aprili. Kwa sababu hiyo hiyo nasema saa zile ambazo vita na barabara havijatunyang'anya tusizipoteze sisi wenyewe. Kama safari itachukua siku mbili, kidonda kianze safari kikiwa safi.

MAMBO YA KUFANYA SHIMONI

Yakate haya maneno, uyabandike kwenye nyumba ya vifaa.

Kwanza, kabla ya kumkimbilia mwenzako, angalia juu. Jiwe la pili huua mwokoaji.

Pili, damu ikitoka kwa nguvu, bonyeza juu ya kidonda kwa kitambaa safi, kwa mikono miwili, bila kuachia. Mara nyingi inatosha. Garo, yaani kamba ya kukaza, ni kwa damu isiyokubali kusimama tu. Funga kwa kitambaa kipana, juu ya jeraha, siyo kwa waya wala kamba nyembamba. Andika saa uliyofunga, hata kwa makaa juu ya paji la uso wake, kisha mbio hospitali. Garo inayosahauliwa huua mguu mzima.

Tatu, usipake kitu. Siyo unga wa betri, siyo tumbako, siyo mafuta ya gari, siyo kinyesi cha ng'ombe, siyo majani. Matope ukiyaona, mwagia maji mengi safi yaliyochemshwa na kupoa. Kisha funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji hayo hayo, maana mfupa na nyama vikikauka vinakufa. Mfupa uliotokeza usiusukume ndani.

Nne, ngozi inayoning'inia usiikate, hata kama ni chafu. Irudishe taratibu mahali pake na uifunike. Huenda daktari akaitumia.

Tano, funga mguu kwenye vijiti viwili au ubao, toka juu ya goti mpaka chini ya kifundo, usitikisike njiani. Vua buti na pete kabla havijavimba. Pombe usimpe, na sigareti usimpe.

Sasa maneno kwa wenzangu wa dispensere. Dawa ya kuua vijidudu ipewe mara moja mgonjwa anapofika, siyo kesho. Kinga ya pepopunda isisahauliwe. Osha kwa maji mengi, bidoni baada ya bidoni. Na kidonda cha mfupa uliovunjika usikishone. Nimekwisha kukuambia yaliyonipata. Kiache wazi, kifunikwe kwa kompresi yenye maji, mgonjwa apande gari siku hiyo hiyo. Mfupa ukionekana, au mshipi wa misuli ukionekana, hiyo siyo kazi ya kubadilisha kompresi. Hiyo ni kazi ya daktari mpasuaji.

NINALOIOMBA KAMPUNI

Ninaandika katika gazeti la kampuni, nami nitasema kwa heshima. Naomba mambo matatu. La kwanza, kwa mguu uliopasuka hadi mfupa, kapita aruhusiwe kutoa gari bila kungoja sahihi ya mkubwa. Karatasi zitaandikwa gari likiwa limekwisha kuondoka. Saa 72 za Godina hazijui siku ya Jumapili. La pili, sheria hiyo iwe moja kwa mwenye mkataba, kwa kibarua wa kandarasi, na kwa mchimbaji wa mikono anayechimba mlimani jirani yetu. Wa mwisho huyo hana namba wala kadi, lakini mishipa yake haina tofauti na ya mhandisi. Na akiletwa kwetu kwa tipoi, ni nani kati yetu atamwambia arudi? La tatu, daktari mmoja wa hospitali zetu na wauguzi wawili watumwe kujifunza viraka hai, na wakirudi watufundishe sisi wengine. Masomo hayo bei yake sijui kama itafika ya magurudumu ya lori moja kubwa.

Na wewe unayelazwa baada ya upasuaji, una kazi yako. Acha sigareti na tumbako ya kutafuna au ya kunusa, maana hukaza mishipa midogo, na kiraka chako kinaishi kwa mishipa midogo. Mwambie hivyo mapema pia rafiki anayekuja kukupa pole na pakiti mfukoni. Usiuteremshe mguu chini ya kitanda mpaka uambiwe. Kula mayai, maharagwe, samaki. Ukiona rangi imebadilika usiku, amsha muuguzi. Asipoamka, piga kelele.

Kijana niliyemweleza mwanzoni tunaonana bado. Sasa anatengeneza redio na tochi, ana mke na watoto wawili, na ananiita kaka. Mwaka jana nilipata nguvu ya kumwambia yote, kwamba mishono yangu mizuri ndiyo iliyomgharimu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama siku hizi naituma miguu mapema. Nikamjibu ndiyo.

Ndugu mfanyakazi, nisaidie ili jibu langu lisiwe uongo. Siku jiwe litakapomwangukia mwenzako, tumbako ibaki mfukoni, kitambaa safi na maji vitoke, na mtu mmoja aanze kukimbia kuliita gari kabla hujamaliza kufunga kijiti cha pili.